Kununua fleti: kagua jengo kwanza, jiko baadaye

Habari zenu, na karibuni tena. Bidhaa ya leo haina boksi wala risiti ya kuirudishia dukani: fleti. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Rangi ya ukuta, kabati za jikoni na taa za urembo sizipi alama hata moja, maana hivyo fundi anavibadilisha ukishahamia. Alama zangu zote zinakwenda kwa mtaa, jengo, na hali ya fedha ya watu utakaomiliki nao jengo hilo, kwa sababu hayo huyabadilishi ukishasaini.

Tuanze na mahali. Dalali anasema ni dakika 15 hadi mjini. Sawa, dakika 15 za saa ngapi? Jumapili asubuhi kila mahali ni karibu. Ipime safari siku ya kazi, saa ile ile utakayotoka na ile utakayorudi, kwa usafiri utakaoutumia kweli. Fleti ikikuongezea dakika 30 kila upande kuliko ile nyingine unayoifikiria, hiyo ni saa 1 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni saa 22 kila mwezi, nauli au mafuta bado hujahesabu. Mara nyingi fleti ya bei nafuu hupoteza unafuu wake hapo hapo.

Rudi usiku, halafu rudi tena baada ya mvua kubwa. Usiku utasikia baa, karakana, vipaza sauti na jenereta la jirani, vitu ambavyo saa 4 asubuhi vyote vimenyamaza. Baada ya mvua angalia barabara ya kuingilia na maegesho ya chini ya jengo. Ukikuta alama ya tope ukutani iliyonyooka kwa kimo kimoja pande zote, au plasta mpya chini tu huku juu ni ya zamani, maji yameshaingia humo. Na kile kiwanja kitupu kinachokupa mandhari nzuri dirishani, nenda ofisi ya mipango miji uulize kimepangiwa nini. Usilipie mandhari ya kiwanja cha mtu mwingine.

Sasa tuingie ndani, na kwenye maji nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi hukagua kwa macho badala ya mikono. Kila mita 10 za kimo kati ya tangi na bomba hutoa presha ya bar 1 hivi. Tangi likiwa juu ya paa, mita 3 tu juu ya bafu la ghorofa ya mwisho, bafu hilo linapata bar 0.3. Hita nyingi za papo kwa papo haziwaki kwa presha hiyo, kwa hiyo maji ya moto yatakuwa ya kubahatisha mpaka ufunge pampu yako. Fleti iliyo ghorofa nane chini yake haina shida hiyo kabisa. Yaani ghorofa ya juu inauzwa ghali kwa mandhari, na ndiyo yenye maji dhaifu kuliko zote!

Namna ya kupima: nenda na ndoo ya lita 10. Fungua bomba la sinki la jikoni, mtu mwingine avute choo, wewe jaza ndoo bafuni huku saa ya simu inahesabu. Ikichukua zaidi ya dakika 2, unapata chini ya lita 5 kwa dakika, na kuoga kwake ni kwa kuvizia. Kisha uliza ukubwa wa tangi. Fleti 20 zenye watu wanne wanne, kila mtu lita 100 kwa siku, ni lita 8,000. Tangi la lita 10,000 halimalizi siku mbili maji ya mtaa yakikatika. Uliza pia kama pampu ya kupandisha maji inaendeshwa na jenereta umeme ukiondoka, maana kuna majengo jenereta lake linawasha taa za ngazi tu.

Ile ndoo usiimwage ovyo. Mwaga maji yake kwenye sakafu ya bafu, uone yanaelekea wapi. Yakituama kwenye kona au yakikimbilia mlangoni, mteremko umekosewa, na dawa yake ni kung'oa vigae vyote. Baada ya hapo inua macho. Tafuta kwenye dari ya bafu duara la njano lenye ukingo wa kahawia. Hiyo ni dalili ya maji kutoka fleti ya juu, na mpaka mwenye fleti ya juu akubali kuvunja sakafu yake, utapaka rangi na duara litarudi. Dari iliyopakwa rangi mpya bafuni peke yake, wakati vyumba vingine ni rangi ya zamani, nayo inaniondolea imani. Harufu ya majitaka kwenye tundu la sakafuni inaweza kuwa kitu kidogo tu, mtego, yaani yale maji yanayobaki kwenye kona ya bomba kuzuia harufu, umekauka kwa kutotumika. Mimina lita moja. Harufu ikirudi baada ya hapo, huenda bomba lenyewe lina kasoro.

Nyufa: ule mwembamba kama unywele kwenye plasta ni wa kawaida. Unaoanzia kona ya dirisha ukashuka mshazari, wenye upana wa zaidi ya milimita 5, ama unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, huo mwite mhandisi kabla hujatoa hata senti. Hakikisha mita ya umeme ni yako peke yako. Na dirisha kubwa la chumba cha kulala likitazama magharibi, jua la alasiri litakufuata mpaka kitandani.

Gharama. Kwanza chukua futi kamba upime mwenyewe kutoka plasta hadi plasta. Tangazo likisema mita za mraba 100 na ndani ukapata 82, zile 18 ni unene wa kuta, baraza na mgawo wako wa ngazi na korido. Si lazima iwe utapeli, lakini bei ya kila mita unayoishi imepanda kwa asilimia 22, na fleti mbili hulinganishwa kwa kipimo kimoja tu.

Mkopo: piga hesabu kwa kila 100 unayokopa. Riba ikiwa asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio, kwa miaka 20 unalipa 1.10 kwa mwezi na jumla inafika 264. Kwa miaka 15 unalipa 1.20 na jumla ni 216. Rejesho limepanda kwa asilimia 9, umeokoa 48. Na mwezi wa kwanza wa ule wa miaka 20, katika ile 1.10, riba peke yake ni 1.00. Juu ya hapo tenga fedha taslimu za wakili, uthamini, ada za benki na ushuru wa stempu. Benki nyingi hazikukopeshi hizo.

Halafu ada ya huduma, ile mnayochanga kutunza jengo. Usiulize ni kiasi gani tu. Omba hesabu za jengo za miaka 3 na uangalie mambo mawili: mfuko wa akiba una nini, na wangapi hawalipi. Tuseme jengo lina fleti 24, lifti imekufa, akiba ni sifuri, na wenye fleti 6 hawatoi kitu. Wale 18 wanaolipa, mzigo wa kila mmoja umeongezeka kwa theluthi. Ada ndogo kupita kiasi mimi huihesabu kama kasoro, maana matengenezo yameahirishwa yakusubiri wewe.

Karatasi: wakili wako, si wa muuzaji, afanye upekuzi kwenye daftari la ardhi aone kama kuna rehani au zuio. Uliza kama fleti ina hati yake ya sehemu ya jengo au unauziwa hisa za kampuni inayomiliki ardhi, na kama ni umiliki wa miaka, imebaki mingapi. Amana ikae kwa wakili chini ya mkataba, isiingie mfukoni mwa muuzaji wala dalali.

Siku ya kukabidhiwa, piga picha namba za mita ya maji na ya umeme mbele ya muuzaji, pokea barua inayothibitisha kwamba hadaiwi ada ya huduma, na kitasa kibadilishwe siku hiyo hiyo, maana huwezi kujua mafundi na madalali wangapi walipewa nakala ya ufunguo.