Garmin eTrex 32x na mwinuko wa ardhi: tathmini kutoka ufukweni Kigoma

Kwa kazi ya kupima mwinuko, Kigoma ina bahati ambayo miji mingi haina: ziwa. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyotulia ni shahidi mzuri wa usawa. Simama Kibirizi au Ujiji, shika kifaa kando ya maji, subiri, soma. Kikikuambia 750 au 800, usipande nacho mlimani kabla hujakirekebisha. Hapa tunakipima eTrex 32x, GPS ya mkononi yenye baromita (kipima mgandamizo wa hewa) ndani yake, tukikilinganisha na simu na ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi.

Tuanze na maneno, maana lawama nyingi wanazotupiwa vifaa hivi zinatokana na maneno. Mwinuko wa ardhi ni umbali wa wima kutoka usawa wa wastani wa bahari hadi uso wa nchi. Kimo cha mlima kutoka miguuni pake ni jambo jingine. Nkungwe, kilele cha Mahale, kina mwinuko wa mita 2,462, lakini anayeanza safari ufukweni anapanda mita 1,689 tu, kwa sababu ziwa lenyewe limeshamnyanyua 773. Ukishuka badala ya kupanda, hesabu ni ileile: ziwa lina kina cha mita 1,470, kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, ingawa bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Na huo usawa wa bahari, chini ya Kigoma uko wapi? Haushikiki. Wapimaji wa Tanzania walichukua wastani wa maji ya bahari Tanga, kisha wakauleta bara kwa leveli, yaani darubini ya kupimia usawa, kituo baada ya kituo. Uso huo wa kufikirika, ambao maji ya bahari yangeufuata kama yangepenya chini ya nchi kavu, ndio jeoidi. Una mabonde na miinuko, kwa kuwa uzito wa miamba chini ya ardhi haulingani kila mahali. Setilaiti hazina habari nao. Zenyewe hupima urefu kutoka elipsoidi, umbo laini la hesabu linalokaribia umbo la dunia. Hapa kwetu jeoidi iko chini ya elipsoidi, kwa hiyo urefu mbichi wa setilaiti hutoka mdogo kuliko mwinuko wa ramani. Kilimanjaro tofauti hiyo ni karibu mita 17, na kuelekea pwani inazidi. Kanuni yake ni fupi: mwinuko ni urefu wa setilaiti ukitoa tofauti ya jeoidi, na tofauti ikiwa hasi, kuitoa ni kuongeza.

Hapo ndipo simu nyingi zinapopotosha watu. Mfumo wa Android umezoea kuzipa programu urefu wa elipsoidi. Njia rasmi ya kupata mwinuko wa usawa wa bahari ilikuja na Android 14. Programu moja hurekebisha, nyingine hairekebishi, nawe unasimama Bangwe na simu mbili zinazopishana mita zaidi ya kumi bila hata moja kuwa mbovu. iPhone hutoa mwinuko wa usawa wa bahari moja kwa moja. Kabla ya kuiamini programu yoyote, tafuta kwenye mipangilio yake neno EGM96 (jina la mfano wa jeoidi ya dunia) au jeoidi. Usipoliona, nenda nayo ziwani.

eTrex 32x hufanya marekebisho hayo yenyewe, na namba inayokupa ni ya usawa wa bahari. Inapokea GPS na GLONASS, mfumo wa setilaiti wa Urusi. Hata hivyo fahamu kwamba kosa la wima la setilaiti kwa kawaida huzidi la mlalo, mara nyingi kwa mara moja na nusu hadi mbili. Sababu ni ya kimaumbile: setilaiti zinakuzunguka pande zote za upeo, lakini zote ziko juu yako. Hakuna iliyo chini ya miguu kuusahihisha urefu. Chini ya michikichi iliyosongamana, au kwenye korongo linaloteremka ziwani, hali huwa mbaya zaidi. Toka mahali pa wazi, kaa dakika tano hadi kumi, ndipo usome.

Kinachoipandisha bei 32x juu ya ndugu yake 22x ni baromita na dira ya kielektroniki. Baromita inahisi hatua ndogo ambazo setilaiti haizioni. Kwa joto la hapa, kando ya ziwa, badiliko la hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) ni sawa na mita 9 hivi za mwinuko. Katika angahewa sanifu, yaani hewa ya wastani inayotumiwa kwenye hesabu, mgandamizo wa hewa mita 773 ni karibu hektopaskali 924, na Tabora, kwenye mita 1,200 kasoro, ni karibu 878. Kupanda ngazi za ghorofa moja kunaonekana kwenye kioo. Ukitembea kutoka gatini kwenda Mwanga, mchoro wa mwinuko unatoka laini na unaosomeka, wakati wa setilaiti peke yake unarukaruka.

Lakini baromita haipimi mwinuko. Inapima hewa, kisha inakisia. Makisio hayo yana adui wawili ambao huwezi kuwaona kwa macho.

Adui wa kwanza ni saa. Katika nchi za tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku hata kama hakuna wingu: unafika juu karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, unafika chini karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Tofauti ya asubuhi na jioni inaweza kufika hektopaskali 3. Maana yake, kifaa kilichorekebishwa saa 4 asubuhi na kuachwa mezani kitakuambia jioni kwamba meza imepanda zaidi ya mita 25. Kwa hiyo, kazi ya mwinuko inayotegemea baromita imalizwe ndani ya saa moja au mbili, au urudi ulipoanzia usome tena, kisha ugawe tofauti kwenye vituo vyote kwa kufuata muda.

Adui wa pili ni joto, na huyu hatajwi sana ingawa ndiye anayekula zaidi. Angahewa sanifu inachukulia kwamba mita 773 kuna nyuzi 10 za Selsiasi. Kigoma mchana ni 26 au zaidi. Hewa yenye joto imetanuka, kwa hiyo inabidi upande mbali zaidi ili mgandamizo upungue kiasi kilekile. Matokeo yake, kila mita 100 unazopanda kweli, baromita inahesabu karibu 95. Kwa mteremko wa Mwanga ni mita chache, mtu anaweza kuzisamehe. Lakini kutoka ufukweni hadi matuta ya juu ya Gombe, ambako ardhi inafika karibu mita 1,500, ni upungufu wa mita 35 hadi 40. Hilo si dosari ya eTrex; altimita (kipima mwinuko) yoyote ya hewa inayo.

Ndiyo maana kuna urekebishaji wa kiotomatiki, ambao huivuta baromita polepole kuelekea wastani wa setilaiti. Kwa matembezi ya siku nzima tunashauri uachwe ukiwa umewashwa. Kwa kazi fupi ya kulinganisha pointi mbili uzimwe, vinginevyo kifaa kitabadilisha msingi wa hesabu katikati ya kazi. Pia hakikisha hali ya baromita ni ya mwinuko unaobadilika. Ile nyingine, ya mwinuko usiobadilika, inachukulia kwamba umekaa mahali pamoja na kila badiliko la hewa ni hali ya hewa tu. Ukiisahau hapo utapanda kilima na namba haitasogea inavyopaswa.

Kurekebisha kwa mkono hakuchukui muda. Weka vipimo kwenye mita, siyo futi. Washa kifaa ufukweni, kiache dakika kumi kivuli kikiwepo lakini anga likionekana. Fungua ukurasa wa altimita, bonyeza menyu, chagua kurekebisha. Kitauliza kama unaujua mwinuko sahihi, nawe unaingiza 773 ukiongeza urefu wa mkono wako kutoka kwenye maji. Hapa pana tahadhari: 773 ni namba ya mazoea. Maji yamekuwa yakipanda kupita wastani huo, kama wakazi wa ufukweni walivyoona 2020, 2021 na tena 2024, kwa hiyo ihesabu kuwa na kosa la mita chache. Kwa tofauti ya pointi mbili kosa hilo halikuhusu, maana linajifuta lenyewe. Kwa namba utakayoiandika kwenye ramani, tafuta alama ya wapimaji yenye mwinuko uliosajiliwa, na usome pembezoni mwa ramani kama kontua, mistari ya mwinuko, ni za mita au za futi. Karatasi za zamani nyingine ni za futi.

Kosa la kila siku ni mfuko wa plastiki. Kifaa kinastahimili maji, mita 1 kwa dakika 30, hakihitaji kufungwa. Ukikifunga, hewa ndani ya mfuko inapata joto la jua, mgandamizo unapanda, na kifaa kinaamini umeshuka. Tope likiziba tundu la hewa, madhara ni hayohayo.

Kwa ujenzi, eTrex isitumike kabisa. Mtaro wa mita 20 wenye mwinamo wa asilimia 1 unashuka sentimita 20 tu. Hakuna GPS ya mkononi wala baromita inayoiona tofauti hiyo kwa uhakika. Mpira wa maji unaiona kwa milimita chache. Chukua mpira mwangavu wa mita 15 hadi 20, wenye tundu la milimita 8 hadi 10, ujaze maji taratibu kutoka ncha moja ili mapovu yatoke yote. Povu moja lililobaki linatosha kuharibu kazi, na halionekani ukiwa na haraka. Ncha zote mbili ziwe wazi wakati wa kusoma. Fundi akisahau kidole juu ya ncha, maji hayasogei na kosa huwa kubwa. Soma chini ya mkunjo wa maji, pande zote mbili. Usiache nusu ya mpira juani na nusu kivulini, kwa sababu maji ya moto ni mepesi na husimama juu zaidi. Mteremko unaoshuka mita 12 unaupima kwa hatua nane za mita 1.5, ukiandika kila hatua, kisha unarudi juu kwa njia nyingine kuona kama hesabu inafunga.

Penye kiwanja kikubwa, kodi leveli na stafu (fimbo yenye vipimo), ukisoma nyuma na mbele kwa umbali sawa ili hitilafu ya mstari wa darubini ijifute.

Betri za eTrex ni mbili za AA, zinazotajwa kudumu saa 25. Zile nyepesi za bei ndogo za dukani zinakufa mapema, na ukitumia za kuchaji badilisha aina ya betri kwenye menyu. Kioo cha inchi 2.2 ni kidogo lakini kinasomeka vizuri juani, kuliko simu nyingi.

Ukinunua, usitegemee maandishi ya boksi peke yake, kwa kuwa 22x na 32x zina umbo moja. Toka nje ya duka, washa, fungua dira, simama bila kusogea miguu na uzungushe kifaa mkononi. 32x itafuata mwelekeo papo hapo. 22x haijui upande hadi utembee.