Vitu halali, maelezo ya kubahatisha: duka la mtandaoni la vifaa vya askari wa farasi

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Jina la duka silitaji, kwa sababu wauzaji wengi wa vitu hivi mtandaoni wana ugonjwa uleule, na hawa angalau ukiwaandikia wanajibu kwa adabu. Vitu vyao ni vya kweli, picha zao ni safi na mzigo unafungwa kama yai. Kinachowaangusha ni maandishi chini ya picha. Kila kitu kwao ama ni cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ama ni cha askari weusi waliopigana na Wahindi Wekundu, kwa sababu hayo mawili ndiyo yanayopandisha bei.

Mimi ni fundi wa ngozi hapa Dallas: buti, mikanda, matandiko. Baba alikuwa saisi wa farasi wa polo kule Gilgil, kwa hiyo tandiko nililijua kabla ya baiskeli.

Tandiko nililolitaka walilitangaza kuwa McClellan, aina ya tandiko la jeshi la Marekani, la 1863, dola 640. Ni McClellan kweli, hapo hawakukosea. Ule uwazi mrefu unaopita katikati ya kiti haufichiki. Lakini jeshi la Marekani lilianza kutumia McClellan mwaka 1859 na likaendelea nalo, likilirekebisha mara kwa mara, mpaka enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Kusema "McClellan" halafu ukanyamaza ni sawa na kusema "Land Rover" bila kutaja ni ya mwaka gani.

Tandiko la 1863 halikuwa na ngozi laini juu ya kiti. Mti wake, yaani kiunzi cha mbao cha ndani, ulivikwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ikashonwa ingali na maji ili ikikauka ikaze. Ngozi hiyo ikizeeka hupasuka kwenye mishono na kumfinya mpandaji mahali ambapo hatamwambia mtu. Kufunika kiti kwa ngozi iliyotengenezwa kulikuja baada ya vile vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1870, na ngozi hiyo ilikuwa nyeusi. Rangi ya hudhurungi iliingia mwanzoni mwa karne ya 20. Sasa hili la kwao limefunikwa kiti chote, ni hudhurungi toka mbele hadi nyuma, na kwenye ubawa wa kushoto kuna muhuri uliogandamizwa: ROCK ISLAND ARSENAL, na chini yake herufi za mkaguzi. Karakana hiyo ya jeshi iko Illinois, na ndiko yalikotoka kwa wingi matandiko ya toleo la 1904.

Kichekesho ni kwamba muhuri huo ulionekana kwenye picha yao wenyewe. Walipiga picha wasiisome. Niliwatumia picha yao, nikaizungushia muhuri kwa rangi nyekundu, na tukaelewana kwa dola 240. Kwa bei hiyo sina neno. Uzi umeshika, mti haujapasuka, ngozi ilihitaji mafuta tu.

Picha ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Kadi ya posta yenye picha halisi, askari mweusi amesimama kando ya farasi wake, mkono mmoja umeshika hatamu. Walisema ni ya miaka ya 1880. Anza na kofia: ina mibonyeo minne na ncha juu, na kofia ya namna hiyo jeshi liliidhinisha 1911. Kwenye kola kuna visahani viwili vya shaba, na hivyo vilianza 1907. Geuza kadi. Upande wa nyuma, pale pa kubandika stempu, pana neno AZO, jina la karatasi ya picha, na pembetatu nne zote zimeelekea juu. Karatasi yenye alama hiyo ilitumika kati ya 1904 na 1918. Baadaye pembetatu mbili zikageuzwa chini. Kwa hiyo askari wetu alipigwa picha baada ya 1911, kabla au karibu na 1918. Kwa ile miaka ya 1880 yao wamekosea kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Kisahani kimoja kina vitara viwili vilivyopishana, na juu yake namba 10. Rejimenti ya 10 ya wapanda farasi iliundwa 1866, moja kati ya mbili za wapanda farasi weusi katika jeshi la kudumu, pamoja na ya 9. Kuanzia 1913 ilikaa Fort Huachuca, Arizona, na 1916 ikavuka mpaka kuingia Mexico chini ya Jenerali Pershing. Kwangu mimi hiyo ni hadithi nzuri kuliko waliyoniuzia, na ingewagharimu dakika tano kuitafuta. Dola 85, nimezitoa bila kinyongo.

Wana pia picha za bati, zile za kwenye kipande cha chuma ambacho sumaku hukishika. Moja wameiandikia "askari adimu, mashoto", kwa vile upanga unaning'inia kulia. Jamani! Picha za namna hiyo hutoka zimegeuzwa kama kwenye kioo. Tazama herufi kwenye bizimu ya mkanda wake, U.S. imeandikwa kinyumenyume. Mashoto hakuna hapo.

Usafirishaji ndani ya Marekani ni wa haraka, na kurudisha mzigo wanakubali ukilipa nauli mwenyewe. Kwa walio Nairobi au Dar, ulizeni kwanza gharama ya tandiko, maana sanduku lenyewe ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Kadi za picha hazina shida.

Kitara sikununua. Wamekitangaza kuwa cha mfano wa 1860, dola 900. Cha kweli kilichopokewa na jeshi huwa na alama kwenye chuma karibu kabisa na mpini: U.S., mwaka na herufi za mkaguzi upande mmoja, jina la kiwanda upande wa pili, kwa mfano Ames wa Chicopee. Vya kuigiza vipo tele, vingine vimezeeshwa kwa tindikali. Matangazo yao yana picha kumi na mbili za kitara hicho na hakuna hata moja inayoonyesha pale. Niliomba waniongezee moja. Wakaniletea picha ya ala.