Forfe ya usiku Kamalondo: walichomoa waya kazi ikiwa katikati

Nina hasira hadi sasa na saiba moja ya kulipia intaneti hapa Lubumbashi, na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Programu yenyewe haina kosa, tuelewane hapo kwanza. Nilikuwa ninasakinisha Debian, mfumo endeshi huria wa Linux, juu ya Hercules, programu huria aliyoianzisha Roger Bowler mwaka 1999, inayoigiza ndani ya laptopu ya kawaida ile mitambo mikubwa ya IBM inayobeba hesabu za mabenki. Mtambo wa kweli wa namna hiyo, mtoto wa Katuba ataugusa wapi? Hercules ni bure, na Debian ina toleo la mitambo hiyo tangu mwaka 2002. Kwa anayetaka kujifunza, hii ni neema.

Ila inataka subira. Kila amri ya mtambo huo lazima prosesa ya laptopu iitafsiri kwanza, kwa hiyo usakinishaji ambao kwenye kompyuta nyingine ungeisha ukinywa chai, hapa unakula usiku. Mwanzoni unajibu maswali kwa namba kwenye skrini nyeusi, kila jibu ukilitanguliza nukta. Bila nukta, Hercules hudhani amri ni yake. Ukishapata mtandao unaingia kwa SSH, yaani kwa dirisha jingine kupitia mtandao, na kuendelea. Halafu diski: kwenye laptopu ni faili tu, lakini Debian inaiona ni diski ya IBM aina ya 3390, na inaiandaa silinda kwa silinda, yaani kipande kwa kipande, zote 3,339. Hapo hakuna cha kutazama. Unangoja.

Nyumbani umeme unakatika bila kuaga, ndiyo maana nikaenda saiba hiyo ya Kamalondo yenye grupu (jenereta) na forfe ya usiku mzima, yaani unalipa mara moja hadi asubuhi. Betri yangu ilishakufa zamani, na nilimwambia hivyo yule papa (mzee) wa mlangoni wakati ananipokea pesa: waya huu ukitoka, kazi yote imepotea. Akasema hakuna shida.

Usiku wa manane diski ilikuwa imemalizika na vifurushi vya programu za Debian vinashuka na kufunguliwa kimoja kimoja. Papa akaja, akasimama nyuma yangu.

“Mukubwa, mashini yako ilishakufa. Tangu saa ile haitembee.”

“Hapana papa, iko natumika. Angalia huu mstari, unaongezeka.”

“Unakula umeme ya bure. Kuna watu wanangoja prizi.”

Watu gani? Ndani tulikuwa watu wachache tumelala juu ya meza. Nikamwomba kwa heshima, papa, nimelipa hadi asubuhi. Hakunijibu. Aliinama, akachomoa waya, akauchomeka wa simu yake. Simu! Skrini ikazima mbele ya macho yangu.

Kisakinishi cha Debian hakiendelei kilipokatikia. Unarudi mwanzo: maswali, nukta, silinda, na vifurushi vilevile vinashuka tena kwa intaneti ya kulipia. Nilipodai pesa yangu akaniambia nirudi kesho kuongea na patron, mwenye saiba. Nimerudi zaidi ya mara moja, patron hayupo.

Nitende haki: intaneti yao ina kasi kuliko nyingi nilizotumia hapa mjini, na grupu haikuzima hata kidogo. Mwenye barua ya kuchapa au fomu ya chuo kikuu cha UNILU ya kujaza anaweza kwenda. Nilitaka kuwapa nyota mbili kwa ajili hiyo. Lakini grupu inanifaa nini kama mtu wao anaweza kunyoosha mkono na kunizimia kwa sababu yeye haoni kitu kinachochezacheza kwenye skrini? Nyota hizo ninazifuta. Na hata hiyo barua kachapeni kwingine.

Kazi niliimalizia baadaye kwa rafiki yangu Kampemba, mwenye betri za sola. Niliandika uname -m, amri ya kuuliza aina ya mtambo, jibu likaja s390x, jina la mitambo hiyo ya IBM, tukapiga kelele hadi mama yake akatoka kuuliza kuna nini. Nyota tano kwa Hercules, tano kwa Debian, bila kusita. Saiba ile inanidai nyota sifuri na mimi ninaidai forfe ya usiku mmoja. Patron, kama unasoma hapa, mtu wako wa mlangoni ananijua sura. Pesa yangu mwachie yeye, nitapita kuichukua.