Mawakili wa London kwa kampuni ya Mtwara: tathmini ya mteja

Kampuni yetu hubeba mizigo mizito na kuendesha yadi hapa Mtwara, na iliingia kwenye ubia na kampuni ya kigeni kwa sababu ambayo kila mfanyabiashara anayeifuatilia sekta ya gesi anaifahamu. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inataka huduma isiyopatikana nchini itolewe na kampuni iliyoungana na kampuni ya ndani, na huyo wa ndani awe na sehemu isiyopungua asilimia 25. Mbia wetu alikuja mezani na mawakili wa hadhi ya juu, nasi kwa kuhofia kuzidiwa tukaajiri kampuni kubwa ya kimataifa yenye makao yake London. Jina lake silitaji, kwa kuwa baadhi ya ninayoyasema ni malalamiko.

Katika uandishi wa mkataba, sina la kuwadai. Rasimu ya mbia ilieleza kwamba asiyechangia mtaji wa nyongeza atapunguziwa hisa, jambo ambalo kwa haraka haraka linaonekana la haki. Mawakili wetu ndio waliotuonyesha kwamba mwito mmoja tu wa mtaji tusioumudu ungetushusha chini ya asilimia 25, na hapo ubia mzima ungepoteza sifa ya kupewa kazi. Waliandika kifungu kinachougeuza mchango wa ziada wa mbia kuwa mkopo kwa kampuni ya ubia, bila kuzigusa hisa zetu. Walishindana pia kuhusu mahali pa usuluhishi: mbia alitaka London, wao wakapata Dar es Salaam, wakieleza kwamba tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, inayotolewa Tanzania inatekelezeka hata kwenye nchi ya mbia, kwa kuwa Tanzania ilijiunga na Mkataba wa New York, ambao nchi wanachama hukubali kutekeleza tuzo za usuluhishi za nchi nyingine, tangu mwaka 1964. Kwa mambo hayo mawili peke yake, ada yao naiona ilistahili.

Namna ada hiyo inavyohesabiwa ni suala jingine. Muda hukatwa vipande vya dakika 6, yaani sehemu ya kumi ya saa, hivyo barua pepe ya kuuliza tu kama waraka umefika huonekana kwenye ankara kama kipande kizima. Kikao kimoja cha mtandaoni kilihudhuriwa na wakili mwandamizi, wasaidizi wake na mwanafunzi wa sheria, wote wakihesabiwa saa, ingawa aliyezungumza ni mmoja. Vikao vyenyewe waliviweka saa tisa alasiri ya kwao, ambayo majira ya baridi ni saa kumi na mbili jioni kwetu, na mwezi wa Ramadhani hilo maana yake ni kumsubirisha mtu futari yake huku saa za wakili zikiendelea kuhesabiwa.

Kuna kifungu cha barua ya kazi, yaani barua ya masharti ya kuwaajiri mawakili, ambacho mhasibu asipokisoma mapema kitamuumiza. Malipo ya huduma kwa asiye mkaazi hukatwa kodi ya zuio, ambayo mlipaji huizuia na kuipeleka serikalini, ya asilimia 15, lakini barua yao ilisema ada walipwe kamili baada ya makato yoyote. Hivyo kila dola 100 waliyotudai ilitugharimu takriban dola 117.6, na tofauti hiyo haikuwemo katika makadirio waliyotupa mwanzoni. Barua hiyo hiyo ilitutaka turidhie kwamba wanaweza kuwahudumia wengine katika sekta ya mafuta na gesi. Kampuni za ukubwa huo huwa na wateja wengi miongoni mwa wakandarasi wakuu, ambao ndio tunaotarajia watupe kazi. Tulidai kifungu kipunguzwe, nao hawakubisha sana. Asiyedai hupewa kilivyo.

Walipoteleza kabisa ni kwenye ardhi. Eneo tulilolitaka kwa ajili ya yadi ni ardhi ya kijiji, wenyeji wanalimiliki kimila, na lina mikorosho ambayo kila mti una mwenyewe. Wao wakaomba hati miliki na ramani ya upimaji kana kwamba tunanunua jengo mjini. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kazi huanzia kwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wa mkutano huo huandikwa kwa Kiswahili. Tulilipia muhtasari utafsiriwe ili wausome, kisha tukalipia kampuni ya mawakili ya Dar es Salaam, ambayo wao wenyewe waliileta, itoe maoni ya sheria za Tanzania, kwa kuwa asiye kwenye orodha ya mawakili wa hapa hana mamlaka ya kuyatoa. Ankara mbili kwa jambo moja ambalo wakili yeyote aliyezoea Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara angelieleza akiwa amesimama ukumbini.

Kwa mwenye nia ya kuwatumia, ushauri wangu ni kuwapa mkataba wa ubia pekee, kwa bei moja iliyokubaliwa kabla ya kazi kuanza, kodi ya zuio ikiwa ndani ya bei hiyo. Tulipolipendekeza hilo kwa awamu ya pili walisita, wakaomba ukomo wa idadi ya rasimu, kisha wakakubali. Suala la yadi tumelihamishia kwa wakili wa hapa Mtwara, ambaye hutoza kwa kazi, na ambaye alianza kwa kuomba orodha ya wenye mikorosho.