Kadi ya bima ya mwajiri wa dini na dirisha la nyota ya kijani: tathmini kwa wafanyakazi wa Arusha na Moshi

Shule, vyuo, hospitali na hosteli za makanisa zimejaa Arusha na Moshi, na walimu, wauguzi, wapishi na madereva wake wanalipwa na dayosisi, jimbo au shirika la masista. Wengi wana kadi ya bima. Kadi hiyo inalipia malaria, inalipia jino, inalipia hata kujifungua kwa kisu. Ukiulizia njia ya uzazi wa mpango, iwe kijiti cha mkononi au lupu ya mji wa mimba, mapokezi unaambiwa haimo. Tathmini hii inapima vitu viwili: kadi ya mwajiri asiyelipia uzazi wa mpango kwa sababu ya imani, na dirisha la nyota ya kijani (alama ya uzazi wa mpango), yaani kliniki ya bure ya kituo cha afya cha serikali ambako mwenye kadi hiyo huishia.

Mabishano ya Marekani tuyaweke mahali pake kwanza, maana watu huyaleta huku mazima mazima. Kule, sheria ya afya ya 2010 ndiyo iliyozaa kanuni za kuzitaka bima za waajiri zilipie njia hizi bila mfanyakazi kuchangia. Hobby Lobby, kampuni ya maduka ya vifaa vya sanaa na mapambo, ilikwenda mahakamani, na tarehe 30 Juni 2014 Mahakama ya Juu ikaipa ushindi kwa kura 5 kwa 4. Haikuwa imekataa njia zote. Kati ya 20 ilipinga 4: vidonge vya dharura vya aina mbili na lupu za aina mbili, ikihofia kwamba vinazuia yai lililokwisha kurutubishwa lisijishike kwenye mji wa mimba. Masista wa Little Sisters of the Poor wao walikataa hata kujaza karatasi ya kujitoa, kwa hoja kwamba karatasi hiyo ndiyo inayomfungulia mwingine njia ya kulipa. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ilikubali, kwa 7 kwa 2, kanuni zilizopanua misamaha ya aina hiyo. Kuhusu dawa yenyewe, Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha maelezo ya Plan B, kidonge cha dharura ambacho kiini chake ni levonogestreli kama P2 ya kwetu, ikaeleza kwamba hufanya kazi kabla yai halijatoka na haizuii mimba kujishika.

Huku ugomvi wa nani alipe unapoa haraka, kwa sababu kwenye kituo cha serikali njia zenyewe hutolewa bure. Kwa hiyo kadi isihukumiwe kwa kukosa kijiti. Ihukumiwe kwa inachofanya pembeni ya kijiti, na hapo ndipo nyingi zinapoanguka.

Chukua kijitabu cha bima, ruka kurasa za picha za familia zinazocheka, nenda kwenye huduma zisizogharamiwa. Maneno "uzazi wa mpango" peke yake hayatoshi kukupa jibu. Je, kutoa kijiti kumo? Je, damu isiyokata baada ya sindano ya uzazi wa mpango inatibiwa kama ugonjwa wowote, au inaitwa "matokeo ya huduma isiyogharamiwa"? Je, utrasaundi ya kutafuta lupu ambayo nyuzi zake hazionekani inalipiwa? Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Jibu la mdomo la ofisi ya utumishi halina thamani mbele ya dirisha la malipo.

Balaa kubwa ni vidonge vinapotumika kama tiba. Daktari humwandikia mwanamke mwenye hedhi nzito, maumivu makali au uvimbe mdogo mdogo kwenye mifuko ya mayai vidonge vilevile vya majira. Bima ikiona jina la dawa, inakataa bila kusoma ugonjwa. Mwajiri Mkatoliki anayeacha hali iwe hivyo anakaza kuliko kanisa lake: waraka Humanae Vitae wa 25 Julai 1968, uleule unaokataza uzazi wa mpango wa kisasa, katika kifungu cha 15 unaruhusu tiba ya lazima ya ugonjwa hata kama itazuia mimba, mradi kuzuia mimba si lengo. Dawa ya tatizo hili ni ya karatasi. Daktari aandike ugonjwa juu ya fomu kwa maneno kamili, aambatishe majibu ya utrasaundi au wingi wa damu, na aombe kibali kabla ya dawa kutolewa. Ukishalipa mfukoni, kurudishiwa ni kazi nyingine.

Kadi, kwa jumla, tunaipa 2 kati ya 5.

Sasa dirisha. Tafuta nyota ya kijani ukutani kwenye kliniki ya mama na mtoto, iwe Kaloleni, Levolosi au Ngarenaro kwa Arusha, Pasua au Majengo kwa Moshi, au hospitali za mkoa, Mount Meru na Mawenzi. Fika mapema asubuhi. Utapimwa uzito na presha, utaandikwa kwenye daftari na kupewa kadi.

Kosa linalorudisha watu nyumbani bure ni kuambiwa "njoo ukiwa kwenye siku zako". Si lazima. Ipo orodha ya maswali 6: una mtoto chini ya miezi 6 unayemnyonyesha tu na hujaona hedhi, hujakutana na mwanaume tangu hedhi au uzazi wa mwisho, umejifungua ndani ya wiki 4, hedhi imeanza ndani ya siku 7 (12 kwa lupu), mimba imeharibika ndani ya siku 7, unatumia njia nyingine ipasavyo. "Ndiyo" moja tu, bila dalili za mimba, inatosha kuanza leo. Mkumbushe muuguzi kwa upole, "Dada, tuangalie yale maswali sita", na mara nyingi orodha hutoka droo.

Kijiti huwekwa ndani ya mkono wa juu, ule usiouandikia, kwa ganzi. Jadelle ni vijiti 2, miaka 5. Implanon NXT ni kimoja, miaka 3. Nje ya siku 7 za mwanzo wa hedhi (5 kwa Implanon), tumia kondomu siku 7. Usiloweshe mahali hapo siku 4. Anayemeza rifampisini kwa TB au karbamazepini kwa kifafa aseme kabla, kwa sababu dawa hizo hukipunguza nguvu kijiti. Sindano ya miezi 3 haiathiriki hivyo. Lakini sindano nayo ina lake: ukiacha, uzazi huchelewa kurudi, wastani wa miezi 4 zaidi kuliko njia nyingine. Anayepanga mtoto mwakani achague kingine.

Wanaotaka njia za asili, zahanati na hospitali za Kikatoliki huzifundisha kwa makini kuliko serikali, tuseme ukweli. Shanga za kuhesabia siku za mzunguko zinafaa tu kama mzunguko wako ni wa siku 26 hadi 32, na siku ya 8 hadi ya 19 hakuna kukutana bila kinga.

Ubora mwingine wa dirisha ni usiri. Halitumi dai kokote. Anayefanya kazi katika hospitali ya mwajiri wake na kutibiwa humohumo anajua faili linapita mikono ya nani.

Udhaifu wake ni foleni, njia fulani kuisha stoo, na kutoa kijiti. Kituo kinachoweka kila siku huenda kina mtu mmoja tu wa kutoa. Kijiti kisichogusika kwa kidole kisichokonolewe zahanati: omba rufaa ya utrasaundi ya mkono, NXT huonekana hata kwenye eksirei. Dirisha linapata 4 kati ya 5.

Ukihama Arusha kwenda Moshi, daftari linabaki Arusha. Beba kadi, na piga picha tarehe ya kuweka na aina ya kijiti. Muuguzi wa Moshi akipapasa mkono atakiona kijiti, mwaka kilipowekwa hatauona.