Lightroom Classic kwa mwenye picha nyingi: inapookoa muda kweli

Anayepiga picha za harusi au mkutano hurudi na mamia ya faili, na hapo ndipo kazi huanza. Nimeitumia Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, kwa kazi za namna hii kwa muda mrefu, na maoni yangu ni haya: kwa mwenye picha nyingi sijaona programu inayoizidi, ila uzuri wake hauonekani mpaka uache kuhariri picha moja moja.

Ni vyema kujua kwanza inavyofanya kazi ndani. Lightroom haigusi faili la awali. Ukiongeza mwanga au ukipunguza wekundu, inaandika maagizo tu kwenye katalogi yake, yaani daftari lake la kumbukumbu za picha, na picha unayoiona kwenye skrini ni ile ya awali iliyopitishwa katika maagizo hayo. Kwa hiyo kuhamisha marekebisho kutoka picha moja kwenda nyingine huwa ni jambo la kufumba na kufumbua, kwa kuwa kinachonakiliwa ni maagizo machache na wala si picha yenyewe. Anayetoka kwenye Photoshop, aliyezoea kufungua faili, kulipaka tabaka juu ya tabaka na kulihifadhi upya, anahitaji kubadili fikra kabla ya kubadili programu.

Sasa uchambuzi, yaani kutenga picha za kubaki na za kutupa. Muda mwingi hupotea hapa, tena bila mwenyewe kutambua, kwa sababu mtu akiiona picha nzuri hutamani kuihariri papo hapo. Usifanye hivyo. Pitia zote kwanza, bila kugusa rangi wala mwanga. Washa Caps Lock, kisha tumia herufi mbili tu: P kwa picha unayoitaka, X kwa unayoikataa. Caps Lock ikiwa imewaka, programu inakupeleka kwenye picha inayofuata yenyewe kila unapobonyeza, kwa hiyo kibodi inatosha na kipanya hukigusi. Ukibadili nia, U inafuta alama. Ukifikia picha kadhaa zinazofanana, watu walewale wamesimama vilevile, zichague zote kwa pamoja na ubonyeze N. Zitapangwa upande kwa upande, nawe utaona mara moja aliyefumba macho na aliyetabasamu. Mwishoni Ctrl na Backspace huzikusanya zote zilizokataliwa na kukuuliza kama unataka kuziondoa kwenye katalogi tu au kuzifuta kabisa kwenye diski. Wenye Mac wanatumia Command na Delete. Soma swali hilo vizuri kabla ya kujibu.

Uchambuzi unaweza kukwama kwa sababu ya kompyuta, hasa kila unapokuza picha kuona kama macho yako wazi na yamelengwa sawasawa. Dawa ni kuamua mapema, wakati wa kuingiza picha. Kwenye dirisha la kuingizia kuna chaguo la kutengeneza maonyesho ya awali ya ukubwa kamili, linaloitwa 1:1. Liwashe, uiache kompyuta ifanye kazi, wewe uende ukale au ukalale. Ukirudi, kila picha itafunguka na kukuzwa bila kusubiri. Kama huna nafasi ya kusubiri kabisa, chagua Embedded & Sidecar; programu itatumia ile picha ya JPEG ambayo kamera yenyewe huihifadhi ndani ya faili la RAW (faili ghafi la kamera), na unaweza kuanza kuchambua karibu mara moja.

Kwa kompyuta yenye nguvu ndogo kuna Smart Previews. Hizi ni nakala nyepesi ambazo upande wake mrefu una pikseli 2560, na kwenye mipangilio, sehemu ya Performance, unaweza kuiamuru programu ihariri kwa kutumia hizo badala ya faili la awali. Vitelezi, yaani vile vidhibiti unavyosogeza kubadili mwanga na rangi, vinakuwa vyepesi kwa namna inayoonekana wazi. Unaweza hata kuchomoa diski ya nje yenye picha zako ukaendelea na kazi ukiwa safarini. Mimi naona watu wengi hununua kompyuta mpya kabla ya kujaribu hili, na inasikitisha.

Baada ya kuchambua, zipange picha zilizobaki kwa mafungu kufuatana na mwanga: za ndani pamoja, za nje kivulini pamoja, za jua kali pamoja. Katika kila fungu, hariri moja tu, tena ihariri vizuri. Anza na urari wa rangi nyeupe. Bonyeza W, kisha bofya sehemu yoyote ya kijivu isiyo na rangi. Ukiwa na mazoea ya kupiga picha moja ya kadi ya kijivu kila mwanga unapobadilika, katika hatua hii hutakuwa na haja ya kubahatisha. Kwa weupe na weusi (Whites na Blacks), shikilia Shift na ubofye mara mbili jina la kitelezi, programu itakupangia mipaka yenyewe, nawe utasahihisha kidogo kwa jicho. Kisha chagua fungu zima na ubonyeze Sync. Dirisha litakalofunguka linauliza ni marekebisho gani yasambazwe. Acha nje ukataji wa picha na usafishaji wa madoa, maana hayo hutofautiana picha kwa picha.

Kuna pia Auto Sync, ambayo kila unachofanya kwenye picha moja hutokea kwa zote zilizochaguliwa wakati huohuo. Ni kali na ni ya haraka, lakini mimi huizima nikimaliza fungu, kwa sababu ikibaki imewaka unaweza kubadili picha usizoziona kwenye skrini.

Amri ninayoipenda kuliko zote, na ambayo sisikii ikitajwa mara kwa mara, ni Match Total Exposures. Kama kamera ilikuwa ikijipangia mwanga yenyewe, picha za tukio moja hutoka nyingine zimeng'aa na nyingine zimefifia. Chagua moja iliyokaa sawa, ongeza nyingine kwenye uteuzi, kisha toa amri hiyo kwenye menyu ya Settings. Programu inasoma kasi ya shata, tundu la lenzi na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya kila picha, halafu inapiga hesabu ili zote zifikie mwanga wa ile ya kwanza. Kazi ya kusogeza kitelezi cha mwanga picha baada ya picha inaisha hapo.

Mambo yanayorudiwa katika kila kazi, kama kurekebisha upindaji wa lenzi, yasipewe hata dakika moja. Yatengenezee priseti, yaani marekebisho yaliyohifadhiwa tayari, na uiweke itumike wakati wa kuingiza picha. Priseti za rangi za kununua sizipendekezi kwa anayetafuta muda. Zilitengenezwa kwa mwanga wa mtu mwingine, na mara nyingi utatumia muda zaidi kuzitengua kuliko ungetumia kuanza mwenyewe.

Zana zinazotumia akili bandia nimeziacha mwisho kwa kusudi. Tangu Oktoba 2021 programu inaweza kumtambua mhusika mkuu wa picha au anga na kukuchorea eneo la kurekebisha. Siku hizi ukinakili marekebisho hayo kwenye picha nyingine, inamtafuta mhusika upya katika kila moja. Hiyo ni nafuu kubwa sana kwa kung'arisha nyuso. Lakini kompyuta inalipia kwa jasho, hivyo zitumie kwa picha zilizopita mchujo tu. Vivyo hivyo kwa Denoise, iliyokuja Aprili 2023 kuondoa chembechembe za picha za gizani: ni nzuri mno, inategemea kadi ya michoro yenye nguvu, na ni bora uifanye kabla ya kuchora maeneo. Chagua zote zinazohitaji, ianzishe, kisha ondoka.

Katika kutoa picha, hifadhi mipangilio ya kila matumizi, mmoja wa kuchapisha na mwingine wa mtandaoni, kisha tia tiki yote miwili. Zitatoka katika folda mbili kwa mkupuo mmoja huku ukiendelea na fungu linalofuata.

Nani asiichukue? Anayehariri picha chache kwa mwezi, kwani matumizi yake hulipiwa kwa vipindi. Huyo aangalie darktable, programu ya namna hiyohiyo ambayo ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Nayo hunakili marekebisho kutoka picha moja na kuyabandika kwenye fungu zima kwa Ctrl na C, kisha Ctrl na V, na nayo haigusi faili la awali. Itamtaka uvumilivu zaidi mwanzoni, kwa sababu vidhibiti vyake ni vingi na majina yake ni ya kitaalamu. Hata hivyo utaratibu wa kuchambua kwanza, kupanga kwa mwanga na kuhariri moja kwa niaba ya wenzake anaweza kuufuata humo bila kubadilisha chochote.