Mfuko wa kulalia wa watu wawili: pamba haina kosa, zipu ndiyo imeniudhi

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikaongeza ya pili kwa ajili ya pamba, maana pamba haijamkosea mtu. Hasira zangu ziko kwenye zipu, na kwa aliyeniuzia.

Zipu ya mfuko wa mtu mmoja ikileta ujeuri, anayetetemeka ni mmoja. Huu ni wa wawili, na zipu ndiyo ukuta wa chumba: ikiachia saa tisa usiku, wote mko nje. Tena wawili hawalali kama mmoja. Huyu akigeukia kushoto, yule anakunja goti, kitambaa kinavutwa pande mbili kwa mpigo, na mvutano wote unabebwa na vijino vya nailoni. Mtengenezaji akaona hapo panafaa zipu namba 5. Namba hiyo inatokana na upana wa meno yakiwa yamefungana, milimita 5 hivi. Kwa koti inatosha kabisa. Kwa mfuko wa kilo tatu na ushei, unaovutwa usiku kucha, nataka namba 8, na ukinipa 10 sitaikataa.

Niseme ilivyokufa, kwa sababu haikufa kwa bahati mbaya. Zipu inaanzia begani, inashuka ubavuni, halafu inakata kona miguuni. Kwa ndani, sambamba nayo, umeshonwa mkunjo mnene wa kitambaa uliojazwa pamba, kazi yake kuziba upepo usipenye katikati ya meno. Wazo zuri. Lakini nyuma ya mkunjo huo hakuna utepe mgumu wa kuushikilia, kwa hiyo unalegea na kujiingiza wenyewe mdomoni mwa kichwa cha zipu. Kila baada ya shubiri moja kichwa kinauma bitana. Unavuta, hakiendi. Unavuta kwa nguvu, kinaenda, ila kuta zake zimeshatanuka kiasi ambacho jicho halioni. Kuanzia hapo kichwa kinapanda vizuri, na nyuma yake meno yanaachana kama hayajuani.

Wengi wakifika hapo husema meno yameisha. Si lazima. Rudisha kichwa hadi mwisho kabisa, kipandishe polepole, rudia mara tatu. Kama mwanya unatokea mahali tofauti kila mara, mgonjwa ni kichwa. Kama unatokea palepale, basi meno ya pale yamepondeka au yamekatika, na hapo ni kubadilisha zipu nzima.

Kichwa kilichotanuka kinarudishwa kwa koleo ndogo. Kiteremshe hadi mwanzo wa zipu, yaani kule ambako meno yote bado yameachana mbele yake. Bana ukingo wa nyuma, ule unaotoa meno yakiwa yamefungana: upande wa kushoto kidogo, wa kulia kidogo. Jaribu. Bado? Bana tena kidogo. Usiwe na pupa, kwa sababu vichwa vingi vimetengenezwa kwa madini ya zinki yaliyomiminwa kwenye kalibu, hayapindi kama waya, yakizidiwa yanavunjika. Na ukibana kupita kiasi hakitasogea kabisa. Hata ukifaulu, hiyo ni dawa ya safari moja au mbili. Dawa kamili ni kichwa kipya. Geuza cha zamani, nyuma yake utaona namba. Nunua chenye namba hiyohiyo na cha aina hiyohiyo, kwa kuwa kichwa cha meno ya nailoni iliyosokotwa hakikai kwenye meno makubwa ya plastiki hata namba zikifanana. Ng'oa kizuizi cha mwisho wa zipu, toa cha zamani, ingiza kipya ncha zote mbili za zipu zikiwa sawa, kisha shona mishono sita hadi minane ya uzi imara pale kilipokuwa kizuizi. Ncha zikipishana hata jino moja, mfuko utafungwa ukiwa umejikunja pembeni.

Kitambaa kikiwa bado kimeng'atwa, kwanza acha kuvuta. Rudisha kichwa nyuma taratibu huku mkono mwingine ukivuta kitambaa kwenda pembeni, si juu wala chini. Halafu funga huku vidole viwili vikitangulia kichwa na kuusukuma mkunjo kando. Ndiyo, inahitaji mikono miwili. Ndiyo maana nimekasirika: zipu ya kwenye giza isiyofungika kwa mkono mmoja si zipu ya kulalia.

Sasa huyo muuzaji. Namweleza kwamba kichwa kimetanuka, namwonyesha mahali kinapouma bitana. Akautazama mfuko, akanitazama mimi, akauliza: "Kwani mlikuwa wangapi humo ndani?"

Mfuko umeandikwa wawili. Kwa herufi kubwa. Nikamjibu tulikuwa wawili, akatikisa kichwa kama daktari aliyegundua ugonjwa, akasema "mlikuwa mnajigeuza sana." Naomba mwenye maarifa anifundishe namna ya kulala wawili kwenye mfuko bila kugeuka. Eti pia sikufuata maelekezo ya matumizi. Nimeyasoma. Kilebo kilichoshonwa ndani kinasema usipige pasi. Sikupiga pasi.

Basi ukienda kununua, usianze na rangi wala unene. Laza mfuko chini, ingia ndani, fumba macho, fungua na kufunga mara kumi kwa mkono mmoja. Ukikwama mara mbili, toka, rudisha. Papasa kando ya zipu: unatakiwa kugusa utepe mgumu kama wa mkanda wa begi, pande zote mbili za meno. Tazama kama kuna vichwa viwili, kimoja cha kufungulia juu na kingine chini, ili anayechomwa na joto atoe miguu bila kumfunua mwenzake. Na bora zaidi, zipu ziwe pande zote mbili za mfuko. Wenye zipu upande mmoja tu una maana kwamba mmoja wenu, kila akibanwa na haja ndogo, atampanda mwenziwe kama ukuta. Hilo halitajwi kwenye tangazo lolote.

Njia nyingine ni mifuko miwili ya mtu mmoja inayounganishwa. Mimi sasa naegemea huko, ingawa ina masharti yake: mmoja uwe na zipu kushoto na mwingine kulia, zipu ziwe za namba ileile, aina ileile, urefu uleule, na ziwe zinaachana kabisa hadi chini. Kununua miwili inayofanana kila kitu, yote zipu ya kulia, ni kosa la kawaida. Ili ishikane itabidi mmoja ugeuzwe, na hapo kofia yake inakaa juu ya uso wa mtu badala ya kuwa chini ya kichwa. Faida yake ni kwamba zipu ya mmoja ikifa, mwingine unabaki mzima.

Kuhusu namba ya baridi. Huu wangu umeandikwa namba moja tu ya nyuzi joto kifuani, kwa mbwembwe, bila kusema ni namba ya nini. Kipimo kinachoeleweka ni cha ISO 23537, kiwango cha kimataifa cha mifuko ya kulalia, kilichochukua nafasi ya kile cha Ulaya, EN 13537 cha mwaka 2002, nacho hakitoi namba moja. Kuna ya starehe, inayokadiriwa kwa mwanamke anayelala amejinyoosha bila kuhisi baridi. Kuna ya kikomo, kwa mwanamume aliyejikunja lakini bado anapata usingizi. Na kuna ya hatari, ambayo ni ya kubaki hai tu, si ya kulala. Mfuko ukiwa na namba moja isiyo na jina, chukulia kwamba wamechagua ile inayowapendeza wao. Soma ya starehe, na mkiwa wawili fuata ya yule anayehisi baridi haraka.

Tena namba ya mfuko wa wawili inadanganya kwa njia nyingine: mabegani. Mfuko wa mtu mmoja unaubana kwa kamba shingoni, basi. Wa wawili una vichwa viwili, na kati ya shingo mbili kuna bonde. Mmoja akigeuka, bonde hilo linapumua kama mivukuto ya mhunzi: joto linatoka, baridi inaingia. Tafuta wenye kola nene ya pamba inayoshuka katikati ya mabega, au kamba mbili za kubana, kila mtu na yake. Wangu una kamba moja ndefu. Ukiibana, mwenzako anakabwa. Kwa sasa nasokota sweta na kuliziba bonde, na linazibika vizuri. Natamani wangenishonea wao.

Kitu ambacho si kosa la mfuko, na nisingependa kuusingizia, ni baridi ya chini. Pamba iliyolaliwa imekandamizwa, haina hewa ndani yake, haizuii kitu. Kinachokukinga na ardhi ni godoro, na uwezo wake unaandikwa kwa herufi R. R ya 2 hivi inafaa usiku wa joto, 4 na kuendelea ndipo ardhi ya baridi inapoanza kuvumilika, na ukipanga godoro juu ya godoro namba zinajumlishwa: 2 na 1.5 ni 3.5. Lile godoro nene la upepo la sentimita 20 lisilo na kitu ndani ni mtego, kwa sababu hewa inazunguka humo na kupeleka joto lenu ardhini. Na likiwa moja la watu wawili, mzito akikaa, mwepesi anabingirika kumfuata. Magodoro mawili membamba yaliyofungwa pamoja kwa mikanda miwili, mmoja usawa wa mabega na mwingine usawa wa magoti, ni bora, mradi uyavike shuka moja. Bila shuka yataachana, na mmoja wenu atalala mferejini.

Pima hema pia. Mfuko wangu una upana wa sentimita 150. Mahema mengi yanayoitwa ya watu wawili sakafu yake ni kama 130 au 140. Maana yake kingo za mfuko zinapanda ukutani, na ukuta wa hema alfajiri umejaa umande wa pumzi zenu wenyewe. Pamba inaunyonya. Ya poliesta itabaki na joto kiasi. Manyoya ya bata yakilowa yanashikana madonge na kunywea. Chukua hema la watu watatu, acha matundu ya hewa wazi hata kukiwa na baridi, na msifunike pua ndani ya mfuko kwa kutafuta joto la pumzi, kwa kuwa mvuke huo unaishia kwenye pamba.

Haya. Sasa niseme jambo linalonivurugia hasira yangu. Usiku ambao zipu ilikata tamaa, mfuko ulifunguliwa wote, ukatandazwa kama blanketi juu ya magodoro mawili yaliyovikwa shuka, pembe za chini zikakunjiwa chini ya miguu. Ulikuwa na joto zuri kuliko ulivyowahi kuwa ukiwa umefungwa. Kitambaa hakikuvutwa, bonde la mabegani lilizibwa na uzito wa blanketi lenyewe, kila mtu aligeuka atakavyo. Upande wa chini, ambao pamba yake ilikuwa inakandamizwa bure, nao sasa uko juu unafanya kazi. Mfuko wa mstatili unaofunguka wote unaweza hili. Ule uliochongoka miguuni hauwezi. Kwa hiyo nilikaribia kuandika nyota tatu. Pamba imeshonwa kwa vyumba visivyoacha sehemu tupu, hata ukiuinua kwenye mwanga huoni dirisha. Nikasema labda nimewaonea.

Halafu nikakumbuka kuwa nimenunua mfuko. Blanketi ninalo.

Na muuzaji akaleta ujumbe. Hajataja matengenezo. Ananipa punguzo nikinunua mwingine, toleo jipya, na picha ameweka. Nimeikuza picha hadi ikavunjika: mkunjo uleule, utepe mgumu hakuna, zipu ileile namba 5. Rangi ndiyo mpya.

Wangu ameutengeneza fundi cherehani. Alitoa kichwa, akaweka kipya, akapiga mshono mrefu wa utepe wa mkanda kandokando ya mkunjo, pande zote mbili, halafu akapitisha kipande cha mshumaa juu ya meno kuanzia begani hadi miguuni. Sasa inafungika kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa. Kazi ya utepe wa mita chache, ambayo kiwanda kizima kilishindwa kuiwaza, na ambayo muuzaji aliona heri kuniuliza nalala na watu wangapi.

Kwa hiyo nyota moja. Ile ya pili nimempa fundi.